Unga wa Kusafisha Tumbo

Kaka yangu mkubwa alipoanza kupata hela ya dhahabu kule Runzewe, kitu cha kwanza alichokifukuza nyumbani kwake ni dona, ugali wa mahindi yasiyokobolewa. Alisema dona ni chakula cha kuku. Ikafuata nsansa, yale majani makavu ya kunde ambayo mama yetu alitulea nayo akiyaunga kwa karanga, kisha michembe ya viazi vitamu vilivyokaushwa, kisha maharage. Mezani pake zikabaki nyama za kuchoma, chipsi, soda, na ugali wa sembe mweupe kama chokaa. Wageni wake, wenye maduara ya kuchimbia dhahabu na wanunuzi wa mawe, walikula hivyo hivyo huku wamelegeza mikanda, kila mmoja akimsifia mwenzake kitambi. Nikienda kuwatembelea, wifi yangu alinipikia mchicha, tukaula jikoni tumesimama, kama tumeuiba.

Haukupita muda mrefu, choo kikaanza kumgomea. Alikuwa amejenga choo cha ndani chenye marumaru mpaka darini, na sasa akawa anashinda humo asubuhi nzima, akitoka na jasho la mtu aliyebeba magunia. Alilaumu maji ya kisima. Alilaumu husuda ya majirani. Sahani yake hakuilaumu hata mara moja.

Ndipo akasikia habari za mtu aliyejiita daktari wa lishe, aliyekuwa akifanya semina Shinyanga mjini. Akaja kufikia kwangu Ibadakuli, nami nikamsindikiza, zaidi kwa udadisi kuliko upendo. Ukumbi ulijaa. Bwana yule alivaa koti jeupe lililobanwa kalamu tatu mfukoni, na sikumwona akiandika neno. Alikuwa na mashine: mgonjwa anafumbata kijiti cha chuma, kompyuta inawaka rangi rangi, halafu anasomewa maradhi yake. Kila aliyepanda pale alikutwa na sumu kwenye utumbo, na dawa ya kila mmoja ilikuwa unga ule ule wa majani meusi.

Nami nikapanda. Mashine ikasema utumbo wangu una sumu na tezi dume imeanza kuvimba. Nilimwambia kwa sauti ya kawaida kwamba mimi ni mwanamke na nina watoto wanne.

"Mama, mashine inaona ukoo mzima," akanijibu bila kupepesa macho.

Watu wakatikisa vichwa kukubali. Kulikuwa na walimu pale, na mtu ninayemjua ni karani wa mahakama. Kaka yangu alinitazama kwa hasira, kana kwamba mimi ndiye niliyetia aibu, akanunua unga wa kumtosha ng'ombe.

Unga ulimfungua, tena kwa fujo. Alikuwa akinipigia simu kunieleza kilichotoka na rangi yake, kwa fahari ya mtu anayesimulia harusi. Akiuacha, choo kinafunga kuliko mwanzo, kwa hiyo akauongeza. Akapungua, suruali zikamvuka. Kisha ikaja damu. Alimpigia yule bwana, akaambiwa hiyo ni damu chafu inaondoka, ashukuru Mungu. Akashukuru. Wifi hakushukuru. Alinipigia akilia, nikapanda gari asubuhi hiyo hiyo, na kwa vile kaka hakuwa tena na nguvu za kubisha, tukampeleka hospitali kubwa Mwanza.

Daktari alikuwa binti mdogo tu. Kaka alimwamkia kwa unyonge, akasahau kwamba yeye ndiye wa kuamkiwa shikamoo. Alipoulizwa anakula nini, akataja nyama zake zote kwa mpangilio, akitegemea kusifiwa. Walimwingiza kamera, wakakuta bawasiri, na juu yake kiuvimbe kwenye utumbo mpana. Wakakitoa. Majibu ya maabara yalipokuja, daktari alituambia kilikuwa bado hakijageuka saratani, ila kingeachwa, pengine kingegeuka.

"Huo unga umekuwa ukiuchapa utumbo," alimwambia. "Utumbo uliozoea kuchapwa hautembei wenyewe. Kula dona, maharage, mboga za majani, matunda. Kunywa maji, tembea. Na damu ikionekana, njoo tukuangalie, usimwulize mtu kwa simu."

Kaka akauliza kama hakuna vidonge vya kutoka nje vinavyofanya kazi hiyo. Alipoambiwa hata majani ya kunde yanatosha, uso ulimshuka kama mtu aliyetukanwa.

Sasa ni mzima. Anakula nsansa, na wifi ameirudisha dona mezani bila kuomba ruhusa ya mtu. Lakini juzi, kwenye ubatizo wa mjukuu wake, nilimsikia akiwaambia wageni kwamba ni ile mashine iliyokiona kiuvimbe kabla ya madaktari, na kwamba ni unga uliokilegeza mpaka kikatoka kirahisi. Jirani yake mmoja, aliyekonda na mwenye kujishika tumbo, akaomba namba ya simu ya yule bwana wa mashine. Kaka akampa.

Nilimfuata yule jirani mpaka getini, nikamsihi aende hospitali kwanza. Alinisikiliza kwa heshima zote, kisha akaniambia polepole, kama anayemwelewesha mtoto, kwamba kaka yangu ni mtu mwenye uwezo wake, na mtu wa namna hiyo hana sababu ya kudanganya.