Iliki Imezidi

Nilikuwa ndani ya eda niliposikia harufu ya mikate ya marehemu mume wangu, na tanuri lake halikuwa limewashwa tangu tumzike.

Nianze na namna tulivyokuwa tukiishi. Mume wangu alioka mikate ya mchele hapa Palma, kaskazini mwa Msumbiji, mikate mizito ya nazi na iliki ambayo watu hununua asubuhi kunywea chai. Gesi ilipogunduliwa baharini na mji ukajaa wageni, wateja wake wakabadilika. Walikuja mafundi kutoka Maputo, madereva kutoka Pemba ya huku kwetu bara, Wazungu wenye kofia ngumu walioonyesha mkate kwa kidole. Yeye hakubadilisha kitu. Homa ilimchukua upesi, tukiwa bado tunabishana kama tujenge tanuri la pili.

Kwetu mjane hukaa ndani miezi minne na siku kumi. Hajipaki mafuta ya kunukia, hafukizi udi, havai nguo ya kupendeza, na mwanamume anayeweza kumwoa hauoni uso wake. Shemeji yangu, mdogo wa marehemu, ndiye hasa aliyeweza. Alikuwa hajaoa. Zamani huku mjane alirithiwa na ndugu wa mume, na wapo ambao bado wanalifikiria jambo hilo hata kama hawalisemi. Kwa hiyo mimi na yeye tulizungumza kukiwa na pazia mlangoni, yeye uani, mimi chumbani. Mama mkwe, aliyekaa nyumba ya pili, aliingia na kutoka mchana kutwa kunitazama.

Shemeji aliendesha gari la kampuni mojawapo ya gesi, kwenye kambi ya wafanyakazi wao. Huko ndiko alikojifunza kuvuta ile sigara ya umeme isiyo na moto wala majivu. Ndani yake mna maji yenye ladha, unavuta, unatoa wingu. Haukupita muda akaanza kuuza maji yake mwenyewe. Wenzake walimletea kutoka Afrika Kusini maji yasiyo na ladha, pamoja na vichupa vya ladha ya embe, ya mnanaa, ya matunda nisiyoyajua, naye akawa anachanganya uani kwetu karibu na tanuri, maana hapo palikuwa na kivuli na meza ya kaka yake.

Tabu yake ilikuwa moja: ladha itiwe kiasi gani.

"Shemeji," aliniita siku moja nje ya pazia, "Wazungu wanasema ya kwangu kali mno, inawakaba koo. Vijana wa mjini wanasema haina kitu. Mmoja kanirudishia. Ati kama anainusa yeye peke yake, na ng'ambo ya barabara hawajui kwamba anavuta, amenunua nini?"

"Mimi nitajuaje?"

"Si wewe uliyekuwa ukimtwangia kaka iliki? Pua unayo."

"Pua yangu iko edani."

Alicheka mpaka akakohoa. Nami nikatabasamu, mara ya kwanza tangu msiba, nikajifunika mdomo ingawa hakuna aliyeniona.

Kisha nikamwambia kweli asilete wingu lake karibu na mlango. Harufu ya embe ilikuwa ikipita pazia na kukaa kwenye leso yangu, na wanawake waliokuja kukaa nami jioni wangesema nimeanza kujipaka. Mjane anayenukia kabla ya siku zake huambiwa amekwisha kumsahau mumewe na anatafuta mwingine. Sikuwa na mtoto na marehemu. Kuitimiza eda ndilo jambo la mwisho nililobaki nalo la kumfanyia, na nilitaka nilifanye sawasawa, pasipo mtu wa kulitilia doa.

Shemeji alikubali. Akahamia nyuma ya tanuri, na harufu zikapungua.

Alasiri moja nilikuwa nimemaliza kuswali, bado niko juu ya mkeka. Harufu ikaingia. Nazi iliyoungua kidogo pembeni, sukari, iliki. Iliki nyingi. Ningependa kuandika kwamba nilifikiri, lakini sikufikiri. Mwili ulisimama wenyewe. Nilisema kwa sauti, "Leo umemaliza mapema," nikasukuma pazia nikatoka. Mtandio ulinaswa mlangoni ukabaki huko. Nilivuka ua kichwa wazi mpaka kwenye tanuri.

Shemeji alikuwa amekaa kwenye kigoda cha kaka yake, ndani ya wingu jeupe.

"Shemeji!" Aligeuza uso ukutani upesi kama aliyemwagiwa maji. "Rudi ndani!"

Miguu haikwenda. Niliutazama mdomo wa tanuri. Mlikuwa na majivu ya zamani na buibui.

"Nilitaka kukufurahisha," alisema akiuambia ukuta. "Nimepata ladha ya nazi, iliki nimeiloweka mwenyewe. Haya si marashi, shemeji. Huu ni mkate. Mkate haukukatazwa."

Hapo ndipo mama mkwe alipoingia uani na bakuli la uji wangu.

Alituona. Sijui nieleze vipi alivyotutazama. Mimi kichwa wazi, mwanawe mdogo amekaa pale alipokuwa akikaa mwanawe mkubwa, na ua mzima unanukia utamu.

"Udongo wa kaburi haujatulia," alisema. Sauti ilikuwa ndogo, na hilo ndilo lililonitisha. "Haujatulia, na nyinyi mko hapa."

"Mama, hiyo ni—"

"Nyamaza, bomba la moshi wewe! Namwuliza huyu."

Sikuwa na la kujitetea ila lile lililotokea. "Nimesikia mkate," nikasema. "Nilidhani ni yeye."

Mama mkwe alitaka kujibu, akasita. Nikaona pua yake ikicheza. Aliliweka bakuli chini taratibu, akashika ukingo wa meza, akakaa. Nilidhani atalia.

"Iliki imezidi," alisema.

Shemeji akageuka kidogo. "Nini, mama?"

"Mwanangu hakutia hivi. Yeye alitia kidogo, ukishameza ndipo unaijua." Akanitazama, na hasira ilikuwa imemtoka. "Wewe hukusikia kwamba imezidi?"

Sikusikia. Mimi niliyeitwanga iliki ile miaka yote, niliikimbilia iliyozidi nikaiita mume wangu. Yale ya kutoka kichwa wazi yalinishtua, lakini hili lilinishtua zaidi. Nilikuwa nalinda pazia na leso watu wasije wakasema nimemsahau, kumbe nilikuwa nimekwisha kuanza, mahali ambapo hakuna mtu anayechungulia.

"Basi nipunguze?" shemeji aliuliza.

"Kamwage."

"Nimeshawaahidi watu kambini, mama."

"Wape embe."

Mama mkwe akaniokotea mtandio, akanifunika mwenyewe, akanirudisha ndani kwa mkono kama mgonjwa.

Jioni wanawake walikuja. Harufu ilikuwa bado imo ukutani. Mmoja wao, jirani yetu wa upande wa barabarani, alivuta pumzi mara moja, akavuta tena, akaanza kunitazama leso. Niliikunja ncha ya leso nikaikalia.

"Humu kunanukia nini?" aliuliza. "Au bibi arusi keshaanza kujiandaa?"

Wengine wakacheka kidogo, kicheko cha kungoja.

"Ni mimi," alisema mama mkwe bila kuinua macho. "Nimetwanga iliki. Au siku hizi mtu akipika aombe ruhusa kwako?"

Mazungumzo yakahamia kwenye bei ya nyumba za kupanga.

Mama mkwe si mtu wa uongo. Walipoondoka alikwenda jikoni, akatoa kinu, nikamsikia akitwanga. Alirudi amefumba kiganja, akakifungulia kwangu. Ilikuwa unga mdogo sana, wa kuweka kwenye ncha ya kisu.

"Alitia hii tu, kwa tanuri zima," alisema. "Nusa."

"Naruhusiwa?"

"Hiki ni chakula, mwanangu."

Nilinusa. Haikuja. Ilinibidi niushike mkono wake kwa mikono yangu miwili na kuuleta mpaka puani ndipo nikaipata.