Watumwa Waliotawala Misri, na Safari Yetu ya Houston

Nilikwenda Houston kumsikiliza mjukuu wangu, mtu asiseme nilikwenda kutembea. Maimuna, binti wa mwanangu Athumani, alialikwa kuzungumza mbele ya Waswahili wa huko katika sherehe yao ya Idi. La kusema alichagua mwenyewe: Mamluki wa Misri. Sisi tukisema mamluki twamtukana askari wa kukodiwa. Hawa walikuwa askari watumwa, na walikikalia kiti cha usultani zaidi ya miaka mia mbili. Mimi shule niliiona kwa nje, lakini hilo lilinikaa mara moja.

Alfajiri, baada ya sala, tulitoka kwetu Euless, kando ya uwanja wa ndege, ndege zikinguruma juu ya paa kama kawaida yao. Athumani ni dereva wa teksi pale uwanjani. Alinifunga mkanda kama mtoto mchanga, akaninong'oneza, "Mama, ukiulizwa nyumba gani, jibu Mombasa, basi."

"Mombasa ni mji," nikamwambia. "Endesha."

Asiyejua ajue: kwetu Pwani, kuulizwa nyumba gani ni kupimwa. Muuliza anataka kujua wazee wako walikuwa waungwana au walinunuliwa.

Barabarani hapakuwa na cha kutazama ila malori na ng'ombe wanene. Maimuna akajizoeza kwa sauti. Wavulana wa nyika za mbali, Waturuki wengi wao, wanauzwa Misri. Wanafundishwa Kurani, farasi na upinde. Wakihitimu wanaachwa huru na kupewa silaha. Ndio waliowarudisha nyuma Wamongoli kule Palestina, Baghdad ilipokwisha kuteketezwa.

"Na sikiliza hii, Nyanya. Mtoto wa Mamluki, kwa kuwa kazaliwa huru, kwa kawaida haingii kikosi cha babake. Wananunuliwa wengine wapya."

"Yaani uungwana ndio uliomfungia mlango?"

"Exactly, Nyanya!"

Nilicheka mpaka chai ikanimwagikia. Kisha nikauliza, "Na mama zao, walionyang'anywa watoto?"

Akapekua karatasi zake. "Hawatajwi."

"Basi wataje wewe. Mtoto kuuzwa ni dhulma, hata akifa sultani."

Adhuhuri tuliingia Gulfton, mtaa wa Houston, maghorofa yamebanana, nguo zinaning'inia kila kibaraza. Mwenyeji wetu, Bi Salma, ndiye mkuu wa sherehe. Pilau yake, nisimdhulumu, ilikuwa pilau. Tukiwa kwenye sinia akamgeukia Maimuna.

"Mwanangu, habari za watumwa ziache. Zungumzia adabu za mgeni."

Mtoto akaacha kula. Miezi mizima alikuwa akisoma hayo.

"Zitamuudhi nani?" nikauliza.

"Wajua mwenyewe, bibi. Watu wana asili zao. Kwani wewe nyumba gani?"

Athumani akakohoa. Nikalimeza tonge langu taratibu.

"Nyumba ya Zafarani."

"Siijui hiyo."

"Utaijulia wapi? Zafarani alikuwa mjakazi, Takaungu, akilima mtama wa watu. Ndiye bibi yangu, mzaa mama."

Mwiko wa Bi Salma ulisimama hewani. "Na wasema hadharani!"

"Yeye alilima hadharani."

Bi Salma alinitazama, akamtazama mtoto. "Haya, aseme. Watu wakiondoka, lawama ni yako."

"Nipe. Nimebeba mizito zaidi."

Alasiri, ukumbini Missouri City, kando tu ya Houston, Maimuna alipanda jukwaani na buibui lake jeusi. Hakuanza na masultani. Alianza na mama mmoja wa nyikani anayemwita mwanawe chakula kikipoa. Kisha akawaleta Misri, farasi, vita, kiti. Akasema pia kuwa walipopata nguvu waliendelea kununua watoto wa wenzao, hakuwapaka mafuta. Mwisho akasema, "Mimi ni kitukuu cha mjukuu wa... ngoja." Akanitazama, akahesabu vidoleni, watu wakacheka. "Mimi ni wa Zafarani wa Takaungu."

Mzee mmoja alichukua viatu vyake akatoka. Mmoja. Wengine walikaa, na kina mama wa nyuma wakapiga vigelegele nikadhani paa litaruka.

Nikamwinamia Bi Salma. "Misri ile, wewe na uungwana wako, jeshini wasingekutaka."

"Hebu ninyamazie," akasema, lakini mdomo ulikuwa unamcheza. Tulipoondoka alitufungia pilau ya njiani, na nyama akaweka nyingi.

Magharibi tulikuwa tunapakia gari, mzee mwingine akamshika mkono Athumani. "Binti yako kasema vizuri. Nyie nyumba gani?"

Njia nzima ya kurudi niliwaza hili nililojifunza: Mamluki waliandikiwa vitabu, Zafarani kaachiwa midomo yetu, na mdomo ukiona haya, mtu kafa mara ya pili. Lakini hayo niliyawaza baadaye. Pale kando ya gari nilifumba macho tu, nikingoja kusikia Mombasa.

Mwanangu akafunga buti.

"Ya Zafarani, mzee," akasema, akiniwekea mkono begani. "Na huyu hapa ndiye mjukuu wake."