Njia ya Zuwena na Alhamisi ya Sinaw

Nilitoka Wete na mkoba mmoja, nikavuka hadi Unguja, nikakaa siku tatu kwa shangazi yangu Malindi nikingoja karatasi, kisha nikapanda ndege hadi Maskati. Kutoka hapo binamu yangu alinipakia kwenye pikapu pamoja na magunia ya vitunguu mpaka Sur. Nilishuka hata shingo haigeuki. Kesho yake asubuhi nilikuwa mbele ya meza ya Mkuu wa Masjala wa chuo, nimevaa kanzu ya kuazima, nina cheti changu cha sekondari mkononi.

"Unaweza kusoma mwandiko wa daktari?" aliniuliza.

"Naweza."

"Basi kaa. Wanafunzi wetu wa jioni wote ni madaktari na wauguzi, na hakuna hapa anayewaelewa wanachoandika."

Ndivyo nilivyoanza. Tawi la Sur nilipanga majalada, tawi la Ibra nikaandikisha wanafunzi, na kwa kuwa mguu wangu hautulii, kila nilipozoea mahali niliomba uhamisho. Uhamisho wa mwisho ulinifikisha Nizwa, na huko ndiko nilikoipenda kazi hata nikawa nafika ofisini kabla ya mfagizi.

Nyinyi vijana mnaopanga masomo kwa kubonyeza simu, acheni niwaeleze. Chuoni kulikuwa na shahada ya uzamili ya afya ya jamii, elimu ya kuangalia afya ya watu wengi kwa pamoja badala ya mgonjwa mmoja kitandani. Wengi walichukua michepuo iliyokwisha kupangwa. Lakini palikuwa na mlango wa pembeni ulioitwa njia binafsi: mwanafunzi ambaye swali lake halikuenea katika mchepuo wowote aliruhusiwa kujijengea wake kwa kuchukua kozi katika idara mbalimbali. Kazi yangu ilikuwa kumsaidia kuijenga.

Nilitumia kadi za rangi. Kijani zilikuwa kozi za lazima, kama takwimu na elimu ya mwenendo wa maradhi, hizo haziguswi. Manjano zilikuwa za hiari. Juu ya kila kadi niliandika saa za masomo, yaani uzito wa kozi katika shahada, na sharti la awali, yaani kozi inayotakiwa kusomwa kwanza. Tulizitandaza mkekani, mimi na mwanafunzi, tukizisogeza huku na huku kama watu wanaocheza karata. Wallahi nilikuwa nikisisimka! Mimi wa sekondari, namwona daktari amepiga magoti mbele yangu akisema, "Hapana, hii itangulie ile."

Bosi wangu wa Nizwa alikuwa Mrajisi, yaani mkuu wa usajili, mama aliyezaliwa Mkunazini, Unguja, akaletwa Oman angali mdogo. Kiswahili chake kilikuwa kile cha mjini cha zamani, na kilikata kama wembe.

"Usiniletee kapu la kozi," aliniambia siku ya kwanza. "Kapu hata sokoni liko. Niletee sababu."

Sababu ndiyo ilikuwa roho ya kazi. Mwanafunzi aliandika sentensi moja ya kueleza kwa nini kozi hizi zikae pamoja. Ikikosekana, Kamati ya Masomo haitii saini.

Basi akaja Zuwena. Alikuwa muuguzi wa Ibra, mzaliwa wa huko huko, bibi yake ndiye aliyetoka Unguja.

"Shikamoo, Ami. Kitu yangu haiko kwenye kitabu chenu."

"Marahaba. Kitu gani?"

"Mimi nataka kusoma maziwa."

"Maziwa?"

"Maziwa na watu."

Nikacheka, naye akacheka, kisha akanieleza. Hospitalini kwake walikuja wafugaji wenye homa isiyokwisha na viungo vinavyouma, maradhi yaliyotokana na maziwa mabichi. Madaktari waliwaambia wachemshe. Wakaitikia, wakarudi jangwani, wakanywa mabichi. Kwao mgeni hupewa maziwa yaliyokamwa sasa hivi, yana joto la mnyama bado; ukiyatia motoni ni kama unamwambia mgeni humwamini ngamia wako. Zuwena alitaka kujua afya izungumzwe vipi ili heshima ya mgeni isivunjwe.

Tulikesha? Hapana, tulishinda! Mchana kutwa kwa wiki mbili. Tukachukua kozi za maradhi ya mifugo yanayomfika binadamu, mila na desturi, na mawasiliano. Uzi wa kuziunganisha ulikuwa wazi, saa zilitimia, masharti yote yalikaa sawa. Hospitali ilikuwa imempa likizo ya masomo kwa sharti moja: mpango utiwe saini katika kikao cha Jumatatu. La sivyo anarudi wodini, na nafasi inakwenda kwa mwingine.

Jumapili asubuhi nikampelekea Mrajisi, kifua mbele. Akasoma mpaka mwisho.

"Mzuri. Hawa wafugaji atawapata wapi?"

"Soko la Sinaw, Bibi. Ndiko wanakoleta mifugo."

"Siku gani?"

"Alhamisi asubu..." Hapo ndipo nilipokumbuka. Kozi ya maradhi ya mifugo ilifundishwa mara moja kwa mwaka, na mwalimu mmoja tu, Alhamisi asubuhi.

"Mbuzi wako wa Idi ulimnunua wapi?" akauliza Mrajisi.

"Sinaw."

"Siku gani?"

"Alhamisi."

"Mbuzi kakumbuka, karani kasahau." Akanirudishia karatasi. "Una mpaka kesho saa nne."

Nilikuwa nimehesabu saa nikasahau siku. Wafugaji hutoka jangwani alfajiri, na adhuhuri wamekwisha tawanyika. Zuwena akiacha kozi, uzi unakatika. Akiacha soko, hana wa kumuuliza. Nilipomwambia, akachukua ufunguo wa gari yake.

"Twende kwa Dokta, Ami. Kulia nitalia njiani."

Dokta wa Mifugo, ndiye mwalimu wa kozi ile, alikuwa akikaa Ibra, Mwomani aliyekulia Tabora, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe. Tulimkuta anakunywa kahawa.

"Silihamishi darasa!" alisema kabla hatujamaliza salamu, kwani Mrajisi alikwisha mpigia simu. "Miaka yote Alhamisi, itabaki Alhamisi."

Sijui maneno yalinitoka wapi. "Siku ibaki, Dokta. Tuhamishe mahali."

"Wapi?"

"Sinaw. Sokoni."

"Nifundishe katikati ya mbuzi?"

"Dokta," Zuwena akasema taratibu, "wewe si daktari wa mbuzi?"

Akatukodolea macho. Kisha alicheka mpaka kahawa ikamwagika kwenye kanzu. "Binti huyu hana adabu. Leteni hiyo karatasi. Lakini tunaanza mara baada ya alfajiri, na atakayechelewa atafundishwa na punda."

Jumatatu Mwenyekiti wa Kamati aliuliza kama soko linaweza kuitwa darasa. Zuwena akamjibu kwa Kiarabu kwamba hospitali nayo ina kelele na harufu, na huko ndiko alikosomea uuguzi. Mwenyekiti akatia saini. Mimi niliyekuwa nimesimama mlangoni nilitaka kupiga vigelegele.

Mwaka ule niliongeza kadi ya buluu mkekani: siku na saa za watu ambao mwanafunzi anataka kuwahudumia. Mrajisi aliipitisha bila neno, na kwake hiyo ilikuwa sifa kubwa.

Nilipoona majina ya wanafunzi nayajua hata kabla hawajafika, mguu ulianza kuniwasha tena. Nilitaka kuiona Wete kabla sijawa mgeni kwetu. Siku niliyoondoka ndiyo siku Zuwena alikuwa anatetea tasnifu yake, lakini ndege yangu haikungoja kikao. Mrajisi alinipa mkono. "Uhamisho huu sikusainii," akasema, akageuka upesi.

Basi la kwenda Maskati lilipokaribia Bidbid, simu ikalia.

"Ami! Nimepita! Dokta amelia, usimwambie mtu!"

Nilipiga ukelele basi zima likageuka. Dereva akapunguza mwendo. "Kheri? Mwanao?"

"Si mwanangu. Mwanafunzi."

"Mwanafunzi wako wewe? Wa nini?"

"Wa shahada ya uzamili," nikasema, na wala sikueleza zaidi. Nikamwomba asimame kwenye maduka ya njiani, nikashuka mbio, nikarudi na bakuli la halwa ya moto, nikaanza kuigawa kutoka kiti cha mbele. Mzee mmoja alichukua tonge, akaniuliza tunasherehekea nini. Nilipomwambia, akachukua la pili.