Kiitaliano cha Zaina

Zaina hakujifunza Kiitaliano kwa kupenda. Alijifunza kwa sababu mumewe alikuwa akirudi nyumbani kila asubuhi akiwa amelowa, na hakuwa hai.

Félicien alikuwa wa ukoo wa wavuvi wa maporomoko. Aliacha mitego akaenda kubeba mawe kwa wazungu waliokuwa wakijenga ukuta kando ya mto, hapa Kisangani, mwaka wa hamsini na tatu. Siku moja ya mvua hakurudi. Karani wa wale wazungu alifika, kofia mkononi, akasema kwa Kilingala, abungi, amepotea, kisha akaenda zake. Eti amepotea. Mbuzi ndiye hupotea. Mto haukumtoa, na katika ukoo ule mtu wa maji hakaliwi matanga mpaka mwili uonekane, au aliyemwona akifa aje aseme mwenyewe mbele ya ndugu. Kabla ya hapo marehemu hana pa kukaa, anazunguka tu.

Zaina, aliyetoka mji wa Kasongo, mwanzoni aliyaona hayo kuwa mambo ya wakwe zake. Kisha akaanza kumwona. Yeye anawasha mbabula alfajiri, apulize makaa, na Félicien amesimama mlangoni, maji yanamtiririka, anamtazama kama mgeni anayengoja kukaribishwa. Kumkimbia hakuweza, kwa kumpenda, na kumwambia aingie aliogopa. Alikonda akabaki mifupa.

Aliyekuwa na Félicien ukutani siku ile alikuwa mmoja tu, Bwana Ottavio, mnyapara Mwitaliano. Kifaransa chake kilikuwa cha kuagizia mawe, na Kiswahili hana. Zaina akaenda kuomba kazi ya udobi kwake, bila kutaja yeye ni mke wa nani. Mzee aliishi peke yake na alikuwa na kiu ya kuzungumza, kwa hiyo Zaina akifua uani, yeye huketi barazani na kumfundisha. Lavo, nafua. Ho lavato, nimefua. Laverò, nitafua. Zaina hurudia huku povu limemfika viwikoni. Ya leo yalimwingia haraka, na ya kesho pia. Ya jana ndiyo yaliyomshinda. Kila alipoyafikia alimwona yule wa mlangoni, akainamia nguo, na mzee akadhani amechoka. Basi akajilazimisha. Akawa anapiga pasi huku anataja yaliyopita tu, mpaka majirani wakanong'ona kwamba yule wa Kasongo msiba umempanda kichwani.

Siku alipojiona tayari aliweka pasi pembeni.

"Signore, Félicien è caduto. Lei ha visto?" Félicien alianguka. Wewe uliona?

Mzee alitua kikombe chini. Alimtazama, na hapo akaelewa ni nani aliyekuwa akimfulia mashati. Ho visto, alisema, niliona. Akaeleza polepole, kwa maneno aliyomfundisha: jiwe liliteleza, Félicien akaenda nalo, mkono ukatokeza majini mara moja, basi. Akasema tangu siku ile hanawi uso bila kuuona mkono ule ndani ya beseni. Wakalia wote wawili.

Zaina alikwenda mbio kwa mama mkwe wake, Mama Delphine, akamwambia aliyeona amepatikana, na yeye mwenyewe Zaina atatafsiri. Mama Delphine akamziba mdomo kwa kiganja.

"Weye hapana," alisema. "Bibi akikuwa wa kwanza kusema bwana yake alikufa, ni yeye anamufungia mulango. Bwana atabakia inje siku zote. Huyo muzungu aseme na kinywa yake."

Basi Zaina akarudi barazani, na safari hii mwenye kufundishwa akawa mzee. Maneno yalikuwa machache, lakini ulimi wa Bwana Ottavio ulikuwa mzito. Zaina anatamka, mzee anafuata. Alianguka. Niliona. Alikufa. Akikosea, Zaina anarudia taratibu, kwa sauti. Alikuwa na haraka, na kufundisha alikujua kwa njia moja tu, ile aliyofundishwa.

Jumapili Bwana Ottavio aliingia katika ua wa Mama Delphine amevaa koti na tai, jasho linamtoka.

"Félicien alianguka," alisema mbele ya ndugu wote. "Niliona. Alikufa."

Mama Delphine alijitupa chini kwa kilio, ua mzima ukaitikia. Wanawake wakafungua vilemba, wanaume wakaleta kuni, na matanga yakakaliwa kama inavyostahili. Watu walimsifu Zaina kwamba, ingawa mgeni, amempatia mumewe pa kupumzika. Siku ya kuondoa matanga alijisikia mwepesi, hata akacheka na mawifi.

Kesho yake aliwasha mbabula. Félicien alikuwa mlangoni, amelowa vilevile, ila safari hii alisema.

"Ni nani alisema wa kwanza?"

Hapo ndipo Zaina alipokumbuka baraza, na kinywa chake mwenyewe kikitangulia cha mzee. Alikuwa amedhani somo si habari. Aliketi chini kando ya makaa. Katika ndoa yao hakuwahi kumdanganya Félicien, na sasa kumwambia kweli hakuweza.

"Sono stata io," alijibu. Ni mimi.

Félicien hakujua Kiitaliano. Aliendelea kusimama pale, maji yakimtiririka, akingoja jibu.