Sikuwepo Kisiwani

Wueh, kunyamaziwa kuna namna nyingi, na zote nilizijulia katika nyumba ile ya Al-Rawdah, Jeddah. Madam alininyamazia simu ikiwa sikioni, akinionyesha kazi kwa kidole: vyombo, zulia, mtoto. Mumewe, kafili wangu, yaani mdhamini aliyenileta, alikuwa na maneno mawili tu kwangu, yalla, haya kazini, asubuhi, na halas, basi imetosha, jioni. Miaka miwili, na hakuna aliyewahi kuniuliza kama nina mama.

Babu peke yake ndiye aliyeongea. Alikuwa baba yake madam, mzungu, mjane, aliyeletwa kuishi na binti yake baada ya miguu kumkataa. Mimi nilichukuliwa kumtunza kwa sababu Kiingereza nakijua na sina haraka. Kila asubuhi nikimlisha uji aliniuliza nimelalaje, kisha ananihadithia kisiwa.

Ujana wake alikuwa mwanajeshi. Serikali yao iliwapeleka kwenye kisiwa kilichokuwa kimelipuliwa mabomu ya nyuklia kwa majaribio, ati wakakisafishe. Haki ya Mungu, kama nyumba! Walikwangua udongo wenye sumu, wakaupakia kwenye malori, wakautupa shimoni na kufunika kwa saruji. Walivaa kaptura na kofia, basi. Vumbi liliingia mpaka kwenye mkate, na mkate wakaula. Wenzake watatu wa lori moja walimalizwa na saratani mmoja baada ya mwingine. Yeye alikatwa tezi ya shingo, halafu mifupa nayo ikaanza kumsaliti.

Nchi yao ilikuwa imewatambua wale waliokuwepo mabomu yakilipuka. Waliokuja kusafisha baadaye, mafi, hamna, hakuna anayewajua. Sasa sheria ilikuwa imebadilika, hata wao watambuliwe, lakini ilibidi mtu athibitishe: ama faili ya jeshi iseme, ama mwenzako aape, ama wewe mwenyewe ueleze mbele ya afisa, kwa mdomo wako, mpaka aridhike. Faili ya Babu ilisema alikuwa fundi wa magari. Kisiwa hakikutajwa. Wenzake walikuwa kaburini.

"Kwetu tunasema asiyekuwepo na lake halipo," nilimtania, nikamtafsiria. Alicheka mpaka uji ukamwagikia shati. Kisha akanishika mkono. "Sitaki kitu chao," akasema. "Nataka waandike kwamba nilikuwa pale. Nikifa bila hiyo karatasi, ni kama niliota."

Akapewa siku ya kuhojiwa, kwenye ubalozi wao, Riyadh. Shida ni kwamba kumbukumbu ilikuwa imeanza kumtoroka. Leo anakumbuka meli, kesho ameisahau. Nikajipa kazi ambayo hakuna aliyeniagiza: kila asubuhi tulifanya mazoezi. Akikwama, mimi namalizia. Akisema, "Lori lilikuwa la rangi ya..." namjibu, "Ya njano, Babu, na breki zilikuwa mbovu." Nilikijua kisiwa kile kuliko ninavyoijua Nakuru. Na niseme ukweli, nilifurahi. Palikuwa na mahali pamoja duniani ambapo mtu alinisubiri nimalizie sentensi yake.

Tulipanda ndege kwenda Riyadh, mimi, madam na Babu. Mji wenyewe niliuona kwa dirisha la gari. Ofisini afisa wa kwao alitupokea vizuri, mwanamume mpole wa makamo, akamwekea Babu maji na kuwasha kinasa sauti. Akatuambia mimi na madam tukae nyuma, tusimsaidie mzee hata kwa neno. Ilikuwa kanuni, na alituomba radhi.

Babu alianza vizuri. Akaitaja meli, joto, koleo. Nilikuwa nimekunja ngumi ndani ya abaya, midomo inanicheza. Akafika kwenye malori.

"Lori lilikuwa la rangi ya..." Akageuza shingo, akanitafuta.

Nikainamisha uso. Woi, nilitamani sakafu inimeze.

"Lilikuwa la..." Akajaribu tena. Kisha akatabasamu, uso mzima ukafunguka, akaninyooshea kidole. "Muulize huyu. Huyu tulikuwa naye. Alikuwepo siku zote, anajua kila kitu."

Afisa hakucheka, namshukuru kwa hilo. Aliniangalia, mwanamke Mkenya wa miaka thelathini na minne, ikama yangu, kibali cha kuishi, mezani mbele yake imeandikwa mfanyakazi wa nyumbani. Madam akafunika macho kwa kiganja.

"Mama," afisa akasema taratibu, "lazima niandike jibu. Ulikuwepo?"

Ningesema nini? Wakati huo hata mama yangu alikuwa msichana wa shule. Na ningedanganya, karatasi yote ingechafuka.

"Hapana, bwana. Sikuwepo."

Babu alinikazia macho. Tabasamu lilimtoka polepole.

"Hata wewe?" akasema.

Afisa akazima kinasa sauti. Alisema ataandika kwamba maelezo hayakukamilika, na kwamba mlango haujafungwa, akipatikana shahidi. Madam akamshukuru. Shahidi! Sote mle chumbani tulijua mashahidi wamelala wapi.

Kwenye ndege ya kurudi Jeddah nilikaa kando ya Babu. Nikamfunga mkanda, nikamtandikia blanketi magotini, nikamwambia, "Babu, lori lilikuwa la njano." Nikamwambia tena, nikilia sasa, sijali nani ananitazama. Aligeukia dirisha. Baadaye kiu ilimshika, nikaona anavyolamba midomo, nikafungua chupa na kumsogezea. Akainua mkono, akamwita mhudumu wa ndege, akamwomba maji.