Chakula cha Bibi Yako Nilichokikataa

Kuna siku moja, mwanangu Mishi, naikumbuka kila nisikiapo vigelegele vya harusi, na wala siikumbuki kwa raha. Jana umeniomba mie shangazi yako nisimamie chakula cha harusi yako na huyo kijana wa Kikisii. Nimefurahi, wallahi. Lakini keti kwanza. Uliwahi kuniuliza kwa nini nyinyi mlikulia Shimba Hills kwa kina mama yako, na si hapa Msambweni kama watoto wengine wa ukoo wetu. Nikakujibu ni mambo ya kazi ya baba yako. Nilikudanganya. Sababu ni mimi.

Baba yako, kaka yangu Bakari, alipomwoa mama yako Mwende, mie nilikuwa na miaka ishirini na kitu, na ulimi hauna breki. Sisi Wadigo, wao Wakamba. Sisi Waislamu, wao Wakristo waliotoka bara wakapewa mashamba kule juu Shimba Hills. Mama yako alikuwa amesilimu kwa hiari yake, na wazee wa pande zote mbili walishakaa, wakazungumza, wakaridhiana. Aliyekuwa hajaridhika ni mimi peke yangu, na hakuna aliyeniuliza. Hilo ndilo lililonichoma zaidi.

Siku ya karamu wakwe zetu wakaja na basi la kukodi, wakashuka huku wanaimba Kikamba. Wanawake wetu wakawajibu kwa Kidigo, na hapo yakawa mashindano: hawa wakimaliza, wale wanaanza. Hakuna aliyeelewa mwenzake anaimba nini, na hakuna aliyejali. Marehemu mama yangu alicheza hadi leso ikamdondoka. Ilikuwa harusi nzuri, Mishi. Ningekuwa na akili ningecheza nami.

Bibi yako, mama yake Mwende, akaja jikoni na sufuria kubwa kichwani, imefungwa kwa leso. Mie ndiye niliyesimamia upakuaji siku hiyo. Ndani mlikuwa na muthokoi, yale mahindi ya kutwangwa yakatolewa maganda, yamepikwa na mbaazi. Aliamka alfajiri akayapika mwenyewe, na alitaka yaliwe pamoja na pilau yetu, watu wa pande mbili sinia moja. Nikamwambia, "Asante mama, tutayapakua," kisha nikaisukuma sufuria nyuma ya magunia ya makaa. Niliona aibu. Tulikuwa na wageni wa Mombasa, dhahabu imewajaa mikononi, nami nikajiapiza kwamba hawa hawataona mahindi kwenye masinia yetu. Ujinga mtupu!

Pilau ikaenda, samaki wakaenda, halua ikaenda. Bibi yako akarudi jikoni, akaiona sufuria pale pale, fundo la leso halijaguswa.

"Binti yangu, mmesahau hiki," akasema taratibu.

Nami, mbele ya wanawake wote, nikamjibu, "Hatukusahau, mama. Sisi ni Waislamu. Nani ajuaye sufuria hiyo imewahi kupikiwa nini?"



"Ni mpya," akasema. "Nimeinunua juzi pale Kona ya Musa, kwa ajili yenu."

Ningeweza kumwomba radhi hapo hapo, yakaisha. Nilijua vizuri kabisa kwamba mahindi na mbaazi hayana haramu yoyote. Dini niliisingizia tu, kiburi kilikuwa changu mwenyewe. Badala yake nikageuka, nikaanza kupanga sahani ambazo zilikuwa zimeshapangwa. Bibi yako akajitwika sufuria yake, akasema, "Asanteni kwa karamu," akatoka.

Baba yako alimwona mama mkwe wake akikatiza uani na sufuria iliyojaa. Akauliza, akaambiwa. Hakunigombeza. Baada ya mwezi mmoja alihamia Shimba Hills na mkewe, na nyinyi mkazaliwa huko. Mama yangu aliwabeba mara chache mno, akafa akiwa na hamu nanyi. Hakunilaumu hata siku moja, ila kila Idi alikuwa akikaa kibarazani anaangalia njia. Inaniuma mpaka leo.

Miaka kumi na miwili ilipita ndipo nikapata uso wa kupanda kwa bibi yako. Nikamwamkia, nikapiga magoti, nikamwambia, "Mama, nisamehe kwa kile chakula."

Akaniinua. "Chakula tulikila ndani ya basi, tukashiba," akasema. "Kilichoniliza njia nzima ni kwamba nilikuwa nimemwacha mwanangu mikononi mwako."

Lo! Mie hilo sikuwa nimelifikiria hata mara moja. Nikalia pale pale kama mtoto. Alinisamehe, na ndiyo maana leo waweza kunijia na habari zako za harusi.

Basi jiko lako nitalishika, mwanangu, lakini nisikilize. Wakwe zako wakija na chochote, kipokee kwa mikono miwili, kiwekwe mbele ya watu, kilike. Kama kuna jambo hulielewi, waulize mapema na kwa adabu, usingoje mpaka mbele ya kadamnasi. Dini yako ishike sana, ila usiitumie kumpigia mtu ambaye umemchukia kwa sababu zako mwenyewe. Na ukimkosea mtu, mfuate siku ile ile, angali mlangoni. Usikae miaka kama mie, kwa sababu kusamehewa nimesamehewa, lakini utoto wenu sikuuona, wala mama yangu hakuuona.

Mwenyezi Mungu akupe nyumba yenye kheri, watoto wema na wakwe wenye huruma. Na mama yako Mwende, siku atakapokuacha huko kwa watu, arudi nyumbani moyo wake umetulia. Amina.