Debe la Togwa Lilifungwa Mkanda

Siku tuliyotoka kumbatiza Neema pale Chiwata haijanitoka, mwanangu. Ningali naitwa Mama Neema, na kila anayeniamkia kwa jina hilo ananirudisha kwenye gari lile.

Shule niliishia njiani, lakini kiti cha mtoto nilikijua. Dada yangu alikileta kutoka Dar, akanifundisha kukifunga kwenye gari la shemeji Damiano, ndugu wa mume wangu. Neema alikuwa akilia kweli kila nikimfunga humo. Na kwao mume wangu, mtoto aliyetoka kubatizwa hupakatwa na bibi yake mpaka mlangoni. Hapo Damiano akapata la kusema.

"Mama Neema, mtoto wa watu unamfunga kama mbuzi wa mnadani?"

Wakacheka. Mama mkwe akanyoosha mikono. "Lete mjukuu wangu. Baba yake nilimpakata mimi, alidondoka?"

Mkwe habishiwi; nikampa Neema. Kiti kikabaki barazani kwa katekista. Mahali pake Damiano akaweka debe la togwa ya wageni, akalifunga mkanda lisimwagike. Njiani askari alituchungulia, akauliza mkanda wa dereva tu, akaturuhusu.

Tukipanda kuelekea Newala, mbuzi wakakatiza. Damiano alikuwa anakimbiza gari, namtaja na nitaendelea kumtaja. Akakanyaga breki. Mikono ya mama mkwe, iliyotwanga mihogo maisha yake yote, haikuweza kumzuia Neema.

Debe halikumwagika hata tone.

Tulimzika na gauni lake la ubatizo. Damiano mpaka leo anasema ni mapenzi ya Mungu. Mungu hakukitoa kile kiti. Wenzake aliobatizwa nao sasa wanavaa sare za shule. Wakipita asubuhi nawatazama, natafuta uso ambao hata siujui ungekuwaje.

Basi, mwanangu, mama mkwe mwamkie, mpigie na goti, lakini mtoto mfunge. Kichanga kiti chake kitazame nyuma, mikanda imkae vizuri mwilini, hata kama mnakwenda Mkunya tu hapo. Usingoje sheria imtaje wala askari akuulize. Akilia, mwimbie. Wakikucheka, waache wacheke. Mimi kilio kile cha kukataa mkanda ndicho ninachokitamani, ningekisikiliza kutwa nzima nisichoke.

Kiti ninacho, nilikifuata kwa katekista, hakijawahi kupata ajali. Njoo ukichukue. Mungu awafikishe nyumbani, mtoto akiwa bado analia.